Meli Kwanza, Hifadhi Baadaye: Mwongozo wa Safari ya Ziwa Victoria kwa Wakazi wa Arusha na Moshi

Sisi wa Arusha na Moshi tunaishi mlangoni mwa hifadhi. Makao makuu ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yako hapa Arusha, Kilimanjaro na Meru tunaviona tukiwa uani, na magari ya watalii yanatupita kila asubuhi yakielekea Makuyuni. Wengi tuliingia Ngurdoto, Manyara au Tarangire tukiwa wanafunzi. Kwa hiyo familia au kikundi cha vikoba kikipata fedha ya kutembea, mara nyingi kinataka kitu ambacho huku kwetu hakipo: maji mengi, meli, kisiwa. Na kinataka wanyama vilevile. Vyote viwili vinawezekana katika safari moja, ila mpangilio wake unahitaji kufikiriwa.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: meli ndiyo ipange safari, hifadhi ifuate. Geti la hifadhi linafunguliwa kila siku. Meli ina siku zake na saa zake, na ikiwa matengenezoni haikungojei wewe. Anayechagua hifadhi kwanza, akakata vibali na kulipia malazi, halafu akaanza kuulizia meli, hujikuta analipia vyumba asivyolala.

Hatua ya kwanza: amua ni maji gani

Wengi wakisikia boti wanafikiria Dar es Salaam na Zanzibar. Ni safari nzuri na rahisi. Mabasi ya Moshi–Dar ni mengi, treni ya Arusha–Dar imerudi tangu 2020, boti ziendazo kasi zinavuka kwa saa mbili hivi, na ukifika Unguja kuna Hifadhi ya Taifa ya Jozani–Ghuba ya Chwaka, yenye kima punju wasiopatikana kwingine duniani ila katika visiwa vya Zanzibar. Ukiwa na siku nne tu na watoto wadogo, nenda huko. Angalia upepo tu: kusi likikaza, hasa Juni na Julai, bahari ya mkondo ule huchafuka na wasiozoea hutapika njia nzima.

Lakini ukiwa na wiki moja au zaidi, ninakusihi uangalie upande wa magharibi, Ziwa Victoria. Huko kuna safari tatu za maji za ukubwa tofauti.

Ndogo kabisa ni ya kisiwa cha Saanane, hapohapo Mwanza mjini. Ni boti ya dakika chache, hifadhi ya nusu siku.

Ya kati ni Mwanza–Nansio, Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya ziwa. Chombo kinatumia kama saa tatu, mchana, na unaona visiwa vidogo na wavuvi njia nzima. Ukerewe si hifadhi, ila ni mahali pa kupumzika, na ukitaka kutoka bila kurudi Mwanza kuna kivuko cha Rugezi–Kisorya kinachokutupa upande wa Bunda, karibu na geti la magharibi la Serengeti. Kwa mwenye gari lake hiyo ni njia nzuri sana.

Kubwa ni meli ya usiku Mwanza–Bukoba. MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Inaondoka usiku, inapitia Kemondo, inafika Bukoba asubuhi. Kutoka Bukoba unarudi kwa barabara ukipitia hifadhi mbili ambazo watu wachache wa kwetu wamezifikia: Burigi-Chato, na Rubondo ambayo ni kisiwa cha kufikiwa kwa boti. Huo ndio mzunguko ninaoupenda kuliko yote, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inauhusu.

Hatua ya pili: pata siku za meli kabla ya kuomba likizo

Meli ya Bukoba haiondoki kila siku. Piga simu ofisi ya tiketi bandarini Mwanza, au mtume ndugu aliyeko kule aende dirishani kabisa. Usitegemee ratiba uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp; hizo huzunguka hata mwaka mzima baada ya kubadilika. Uliza mambo manne: siku za kuondoka, saa ya kuripoti, madaraja yaliyopo na bei zake, na kama kuna matengenezo yaliyopangwa mwezi huo.

Kuhusu daraja, kama una watoto au mzee, lipia chumba cha kulala. Daraja la tatu ni la kukaa, linachangamka na ni la bei nafuu, lakini ni usiku mzima na kesho yake una barabara ndefu. Tiketi inataka jina la kila abiria na kitambulisho, kwa hiyo andaa NIDA, leseni au kadi ya mpigakura mapema. Desemba watu wa Kagera wanarudi kwao kwa sikukuu na vyumba huisha haraka. Mwezi huo nunua tiketi mapema kuliko kawaida.

Msimu nao uzingatie. Masika, Machi hadi Mei, barabara za ndani ya hifadhi huharibika, hasa upande wa magharibi wa Serengeti wenye udongo mweusi unaoshika matairi. Juni hadi Oktoba ni kukavu, na kwa wenye watoto likizo ya Juni inaangukia vizuri.

Hatua ya tatu: panga mzunguko kwa mpangilio huu

Watu wengi wakitoka Arusha huanza na Serengeti kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Mimi nashauri kinyume: nenda Mwanza kwa lami kupitia Babati, Singida, Nzega na Shinyanga, maliza mambo ya ziwa, halafu rudi nyumbani kwa kukatiza Serengeti na Ngorongoro. Sababu yake ni ya fedha. Meli ikichelewa siku moja, unakuwa bado hujakata kibali cha Serengeti, kwa hiyo unasogeza tu tarehe. Ukianza na hifadhi, gari likiharibika Seronera, katikati ya Serengeti, meli inakuacha, na tiketi ya watu sita imeliwa.

Hivi ndivyo siku zinavyokwenda:

Siku ya kwanza ni basi. Yanaondoka alfajiri stendi ya Arusha, na wa Moshi ni afadhali walale Arusha kuliko kukimbizana na usiku. Mnafika Mwanza jioni au usiku. Siku ya pili pumzikeni, nendeni Saanane, kuleni sato, kisha usiku pandeni meli. Kama siku za meli haziungani vizuri, ongezeni siku moja Mwanza au pelekeni siku hiyo Ukerewe. Siku ya tatu mnaamka Bukoba. Siku ya nne mnashuka kwa barabara kupitia Muleba na kugusa Burigi-Chato. Ya tano na ya sita ni Rubondo. Ya saba mnarudi Mwanza kupitia Geita na Sengerema, kisha mnasogea kulala Lamadi, karibu na geti la Serengeti. Ya nane na ya tisa ni Serengeti na Ngorongoro, na usiku wa siku ya tisa mnalala nyumbani.

Zamani siku ya saba ilikuwa na foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi, na mtu angeweza kungoja muda mrefu magari yakipangana. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, linavusha kwa dakika chache. Panda juu yake mchana ukiweza. Maji yanaonekana pande zote mbili.

Ukiwa na siku tano tu, acha Bukoba na Rubondo. Fanya Mwanza, Saanane, Ukerewe na kurudi kwa Serengeti. Usijaribu kuubana mzunguko mzima. Kinachokatwa siku zikibanwa ni usingizi wa dereva.

Hatua ya nne: vibali na malipo

Raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kwa shilingi, kiwango kilicho mbali kabisa na cha mgeni. Mtoto aliye chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu, na wa miaka 5 hadi 15 ana kiwango chake cha chini. Ili upate bei hiyo ni lazima uthibitishe uraia, kwa hiyo vitambulisho vya watu wazima wote viwe kwenye mfuko mmoja, pamoja na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Getini hawapokei fedha taslimu. Unalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo, ile control namba, kupitia benki au simu. Fanyeni hivi: orodhesheni majina, umri na namba za vitambulisho kwenye karatasi moja, pelekeni kwenye ofisi ya TANAPA Arusha au muwasiliane na hifadhi husika, mpate namba na mlipe mkiwa bado mna mtandao; ya Serengeti ilipeni mkisharudi Mwanza. Mtandao wa getini siku nyingine unasumbua, na kundi la watu kumi kuketi juani saa mbili wakisubiri ujumbe wa muamala ni adha isiyo na sababu.

Kibali kina saa ya kuingia na saa ya kutoka. Ukizidisha unalipishwa tena. Kumbuka pia kwamba Ngorongoro si hifadhi ya taifa. Inasimamiwa na mamlaka yake yenyewe, kwa hiyo ukipita tu kuelekea Karatu bila kushuka kreta, unalipa kiingilio chake kando na cha Serengeti. Kushuka kreta kuna ada ya gari juu ya hapo. Hata mabasi ya Arusha–Musoma yanayokatiza huko, abiria hulipa viingilio ingawa hashuki kuangalia chochote.

Kwenye hesabu ya kikundi andika kila kitu peke yake: kiingilio cha kila mtu, ada ya gari, boti ya Rubondo, boti ya Saanane, malazi ya ndani ya hifadhi, mafuta, posho ya dereva. Kinachoharibu michango ya vikundi ni boti ya Rubondo, kwa sababu watu huisahau kabisa kisha inawakuta mwaloni, pale pa kupandia boti.

Hatua ya tano: gari

Msikodi gari Arusha kwa siku zote tisa. Mtalilipia likiwa limeegeshwa Mwanza wakati ninyi mko melini. Nendeni kwa basi. Bukoba kodini Noah au Kosta ya kuwashusha hadi Muganza, njia ya kwenda Rubondo. Mkirudi Mwanza ndipo mkodi Land Cruiser yenye paa linalofunguka kwa siku mbili za Serengeti. Mwenye gari atataka mlipie pia kurudi kwake mtupu, na hiyo ni haki yake, pataneni mapema. Mkikuta gari la Arusha lililoshusha wageni Mwanza na linarudi nyumbani, bei hushuka sana. Madereva wa Arusha wanajuana, ulizeni kabla ya kuondoka.

Gari dogo la chini lisiingie Serengeti kwa Ndabaka, geti la magharibi. Kiangazi linaweza kupita kwa bahati, ila mawe na matuta ya barabara yatakula chini yake lote.

Hatua ya sita: kupanda chombo kwa usalama

Hapa sitaharakisha. Ziwa hili limetuzika watu wengi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba, ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake wa abiria 101. Waliokufa ni zaidi ya 200. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza.

Kwa hiyo ukifika gatini, kabla ya kutafuta mahali pa kuweka mzigo, angalia kibao cha idadi ya abiria. Kila chombo kinatakiwa kuwa nacho. Angalia maboya yako wapi na kama mnaweza kuyafikia bila kufungua kufuli. Watoto wavalishwe jaketi palepale na kamba zifungwe hadi ya chini kabisa, maana jaketi lisilofungwa humvuka mtoto likapanda juu peke yake. Chombo kikifika, kaeni hadi kifungwe kamba gatini. Watu wote wakikimbilia upande mmoja chombo hulala upande huo. Na ukiona watu wanazidi kupakiwa wakati nafasi imekwisha, shukeni. Poteza nauli. Kesho kuna chombo kingine.

Kwa mitumbwi ya mbao yenye injini inayokwenda visiwani, sheria yangu ni moja: asubuhi tu, ziwa likiwa tulivu, na wingu jeusi likionekana, hakuna kuondoka.

Wanaosumbuliwa na kichefuchefu wakae katikati ya meli, sehemu ya chini, wale chakula chepesi mapema, na wasisome simu.

Saanane na Rubondo

Saanane ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2013 na ndiyo ndogo kuliko zote nchini, ikiwa na kama kilometa za mraba 2 pamoja na maji yake. Mwaka 1964 palianzishwa bustani ya wanyama. Jina limetokana na Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kufanya kazi kisiwani. Boti inatoka ofisi ya hifadhi, Capri Point. Njia ni za miguu kati ya majabali. Pimbi wamelala juu ya mwamba wenye joto, mmoja amesimama zamu. Ukipita hatua tatu kutoka kwake anageuza shingo tu. Mijusi madume wenye vichwa vya rangi kali wanapiga pushapu kwenye jiwe lililo jirani. Nendeni mapema asubuhi au baada ya saa tisa, kwani mchana mawe yale yanachoma.

Rubondo ni kitu kingine kabisa. Ni msitu juu ya maji, hifadhi tangu 1977, kilometa za mraba 456 pamoja na eneo la ziwa. Kati ya 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek wa bustani ya wanyama ya Frankfurt aliwaachia huko sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa Ulaya. Wengine walikuwa wamekaa kwenye vizimba miaka mingi. Walijifunza wenyewe kujenga viota na kutafuta chakula, na wajukuu na vitukuu vyao ndio mnaowafuata leo. Tembo na twiga nao walipelekwa kisiwani. Nzohe, swala wa kwenye matete mwenye kwato ndefu, ni wa hapo tangu asili. Simba na chui hakuna, kwa hiyo kutembea kwa miguu na askari wa hifadhi ni jambo la kawaida.

Kufika: kutoka Muganza, wilaya ya Chato, mnashuka mwalo wa Kasenda, boti ya hifadhi inawachukua. Boti hiyo haiji yenyewe. Piga simu siku kadhaa kabla, taja idadi ya watu na saa ya kufika, kisha piga tena siku moja kabla. Fika Kasenda kabla ya saa tisa alasiri. Laleni kwenye mabanda ya TANAPA na mbebe chakula chenu kutoka Muganza: mchele, mafuta, nyanya, chumvi na mkaa wa dharura. Kisiwani hakuna duka la kukuokoa.

Sokwe wa Rubondo wanatembea sana na msitu ni mnene. Kuna siku mtawasikia tu. Ndiyo maana nimeweka siku mbili.

Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kutoka mapori ya akiba, ni ya kupita na kuonja ikiwa ndiyo safari yenu ya kwanza. Ziwa Burigi ni zuri, lakini bila gari imara na siku nzima hamtalifaidi.

Serengeti kwa mlango wa magharibi

Geti la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, mbele kidogo ya Lamadi. Laleni Lamadi ili mwe getini saa 12 asubuhi. Kuanzia hapo barabara inafuata ukanda wa mto Grumeti, na Mei na Juni nyumbu huwa upande huo. Mamba wa Grumeti ni wakubwa. Msishuke kwenye gari kando ya mto kwa ajili ya picha. Mbung'o ni wengi sehemu zenye miti, na hupenda nguo za bluu iliyoiva na nyeusi, kwa hiyo vaeni kaki au kijivu.

Mwendo wa juu ndani ya hifadhi ni kilometa 50 kwa saa. Lengo la siku hiyo ni Seronera. Kambi za umma zipo, kama Nyani, Pimbi na Dik Dik. Hazina uzio, kwa hiyo mtoto asitoke hemani usiku peke yake hata kwa haja ndogo. Ita mtu mzima, mulika tochi pande zote kwanza.

Asubuhi zungukeni mapema kando ya mto Seronera, ambako chui hupenda miti mikubwa. Saa tano muwe mmeshafunga mizigo. Msiondoke Seronera baada ya saa sita mchana, maana kuna geti la Naabi la kutokea Serengeti, kuna makorongo ya Ngorongoro, na geti la Loduare la kutokea Ngorongoro linafungwa saa 12 jioni.

Mizigo na afya

Kanda ya Ziwa ina malaria kuliko kwetu. Bebeni vyandarua au dawa ya kupaka, na mkirudi mtu akipata homa ndani ya wiki mbili akapime, asiseme ni uchovu. Ziwa lina kichocho. Watoto wasiogelee kwenye matete ya ufukweni hata wenyeji wakiogelea. Masweta mnayovaa Arusha bebeni vilevile, kwa sababu sitaha ya meli usiku ina upepo na ukingo wa Ngorongoro una baridi kali Julai.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo fungeni vitu kwenye mifuko ya kitambaa. Droni isiingie hifadhini bila kibali. Fedha taslimu kidogo bebeni kwa ajili ya Muganza na Lamadi, kwa noti ndogondogo, na simu mbili za mitandao tofauti kwenye kundi. Wa Moshi mkumbuke kumwagiza mtu gari la kuwachukua Arusha usiku wa siku ya tisa, kwani mkitokea Karatu jioni mabasi ya Moshi yatakuwa yamekwisha.